Kiingereza Hakina Kumbe

Simalpani, Gulmi
Jeth 4, 2051 ya kalenda yetu

Kopila,

Salamu utazikuta mbele. Kwanza nikuulize: miguu yako imeota mizizi huko Kathmandu? Mara tatu sasa nimekanda mchele mwekundu na mtindi kwa ajili ya paji la uso wako siku ya sikukuu ya Dashain, na mara tatu nimeishia kumpaka nyati. Nyati ana baraka zangu za miaka mitatu. Ndiyo maana amenenepa hivyo, na wewe naambiwa umekonda.

Haya, salamu. Mimi mzima. Goti la kushoto linanung'unika likiona mlima na kunyamaza likiona pombe ya ulezi. Mahindi yamefika kiunoni. Nyani wameshakula sehemu yao, nasi tunasubiri yetu. Hofu yangu ni kwako, unalala wapi, unakula nini, nani anakugombeza.

Anayeandika ni Hastabir, yule mwanajeshi mstaafu wa nyumba ya juu, kwa kuwa shule mimi niliiona kwa nje tu, nikipita na mzigo wa majani. Nimemwambia aandike kila neno kama ninavyolitoa. Anasema, "Shemeji, mengine hayaandikiki." Nikamwambia jeshi la Waingereza lilikulipa miaka kumi na tano kufyatua risasi, leo unaogopa maneno ya mwanamke mzee. Sasa anaandika.

Nasikia unajifunza Kiingereza. Kiingereza gani hicho cha miaka mitatu? Mtoto wa binadamu hushika lugha nzima kwa miaka miwili, na meno hata hayajatimia. Hastabir anasema tatizo ni vitenzi, eti vya Waingereza vina nyakati nyingi. Sisi pia tuna nyakati: wakati wa kupanda, wakati wa kuvuna, na wakati wa mjukuu kuja nyumbani. Huo wa tatu umekupita.

Nilikulea tangu baba yako alipoanguka kutoka kwenye mti akikata majani, ukiwa bado unanyonya, na mama yako akaolewa ng'ambo ya mto. Sikukulea niwe nakusikia kwa wapita njia.

Jibu upesi, na usiandike mambo ya hali ya hewa.

Bibi yako,
Jasmati


Bagbazar, Kathmandu
Jeth 19, 2051

Bibi yangu,

Shikamoo. Nainamisha kichwa changu miguuni pako, hasa kwenye goti la kushoto. Mimi mzima. Nalala chumba kimoja na wasichana wawili wa Palpa, nakula wali na dengu, na anayenigombeza ni Mwalimu Rimal wa darasa la Kiingereza, kwa hiyo usihofu, pengo lako limezibwa.

Nina habari njema, Bibi. Nimekubaliwa chuo cha uuguzi, kile cha wageni upande wa Patan. Masomo bure, kitanda bure, hata sare. Nitakusimulia ilivyokuwa.

Kabla ya hapo uelewe shida yenyewe. Mwalimu Rimal huchora mstari ubaoni: nyuma, hapa, mbele. Kisha anaukata vipande mpaka vinakuwa vyumba kumi na viwili, na kila kitenzi lazima kilale chumba chake. Sisi tunalala popote. Juzi nilikuwa nimesimama mlangoni naaga, nikasema kwa Kiingereza, "Haya, mimi nilikwenda." Akauliza, "Ulikwenda wapi, nawe nakuona?" Darasa zima likacheka. Kwetu si ndivyo mtu anavyoaga?

Nikamuuliza, "Mwalimu, na kile kitenzi cha kumbe, kiko chumba gani?" Maana kwetu nikisema mvua ilinyesha, niliiona ikinyesha. Nikiamka nikakuta uwanja umelowa, nakigeuza kitenzi: kumbe ilinyesha. Akasema, "Kiingereza hakina kumbe. Aliyeona na asiyeona wanatumia kitenzi kimoja." Nililala nikiwaza wanajuaje nani wa kumwamini.

Basi usaili. Aliyeniuliza ni Bi Marit, mkuu wa wauguzi, mwanamke mrefu mwenye nywele nyeupe. Akasema, "Nieleze kuhusu mtu aliyekulea." Nikakumbuka ulivyonifundisha: usiapie usichokiona. Miaka mitatu sijakuona. Barua ni barua, si macho. Nikisema Bibi ana nguvu, nimeziona wapi? Nikaona heshima ni kuweka vitenzi vyote nyuma, pale nilipokuacha. Nikasema: Bibi yangu alikuwa na nguvu sana. Alikuwa akiamka kabla ya jogoo. Alikuwa na mdomo mkali. Alinipenda. Yote kwa ufasaha, bila kukwama hata mara moja.

Bi Marit akavua miwani. Akaniambia anasikitika kwa nilichopoteza.

Nikashangaa amejuaje. Asubuhi ile nilikuwa nimesahau mwavuli wangu kwenye basi, na nilifika pale nimelowa chapachapa. Nikamshukuru. Nikamwambia alikuwa mzee sana, mbavu zote zilikuwa zimevunjika, nikamwacha ndani ya basi. Nilisema kama mtu, maana Waingereza wana neno la vitu na neno la watu, na mimi bado nayachanganya. Bi Marit akaja upande wangu wa meza akanikumbatia. Bibi, watu wenye huruma kiasi hicho kwa mwavuli sijapata kuwaona.

Siku nne baadaye jina langu lilikuwa ukutani. Naanza mwezi wa Bhadau.

Mjukuu wako,
Kopila


Simalpani
Asar 1, 2051

Kopila,

Sikusalimu.

Barua yako Hastabir aliisoma hapa uani, na jirani Mama Gopini yupo, na wale wanaokuja kusaga nafaka wapo, kwa kuwa nilisema habari njema isikilizwe na watu. Akasoma vizuri mpaka kwenye miwani. Hapo akaishusha karatasi. Nikamwambia, "Soma." Akasema, "Shemeji, nimekaukiwa koo." Nikampa maji. Akanywa, bado hasomi.

Nikamwambia, "Hastabir, hiyo barua ni yangu, na hilo ni jiwe langu umekalia. Soma au shuka."

Akasema, "Hayo maneno, kusikitika kwa ulichopoteza. Ofisa wetu Mwingereza alikuwa akiwaandikia hayo akina mama wa vijana waliouawa. Si ya mwavuli, shemeji. Hayasemwi kwa mwavuli."

"Yanasemwa kwa nani?"

Akanitazama. Mama Gopini ndiye aliyeelewa kwanza. Akashika mdomo, halafu mabega yakaanza kumtikisika, na mpaka leo akinipita kisimani ananiuliza, "Za ahera, dada?"

Kumbe nimekufa. Hicho ndicho kitenzi chake, kile Waingereza wanachokosa, kwa maana sikujiona nikifa, nimekuta tu imeshakuwa. Nimekufa kwenye basi, mimi ambaye basi nimelipanda mara mbili maishani na mara zote nikatapika. Nimevunjika mbavu. Na mjukuu wangu akaniacha humo akashuka.

Sasa sikiliza, mtoto wa marehemu. Unasema ulivirudisha vitenzi nyuma kwa heshima. Nilikufundisha usiapie usichokiona, kweli. Nilikuwa nakufundisha uje uone. Dawa ya kutoona ni kutembea. Miaka mitatu hujaja, mpaka ulimi wako mwenyewe ukadhani nimeisha, ukanizika kwa sarufi.

Nenda kwa huyo mwanamke umwambie nipo. Tumia chumba chochote unachotaka katika hivyo kumi na viwili, ila kiwe na mlango wa mbele.

Mvua zimeanza. Nyati mzima. Nami ni mzima, andika hivyo, Hastabir, pigia mstari.

Bibi yako, aliye hai,
Jasmati


Kathmandu
Saun 10, 2051

Bibi yangu,

Shikamoo. Najua nimechelewa kujibu. Natumaini upandaji wa mpunga ulikwenda vyema na matope hayakukukamata goti. Mimi mzima wa mwili.

Barua yako nilimsomea Mwalimu Rimal. Alicheka mpaka akaketi juu ya chaki. Mimi sikucheka. Siku ile ile nikaenda Patan kurekebisha.

Karani akaniona akasema, "Kopila, hongera tena, unajua ulivyo na bahati?" Ndipo akanieleza. Nafasi niliyopata si ya kawaida. Kila mwaka chuo kinamchukua bure msichana mmoja asiye na mtu yeyote. Wengine wote hulipa, na kiasi wanacholipa sisi hatuwezi, hata tukiuza shamba na nyati na Hastabir. Mwaka huu huyo asiye na mtu ni mimi.

Nikiwa bado nimesimama, Bi Marit akapita. Akaniambia Jumapili alikuwashia mshumaa kanisani kwao. Nikasema asante.

Safari hii nilijua nasema asante kwa nini, Bibi. Sitakuficha hilo.

Sasa nakuomba. Ni neno moja tu, tena la Kiingereza. Hulisikii, halikuumi, halifiki Simalpani. Huko wewe ni mzima, unagomba, unakamua. Huku kwenye karatasi umekufa, na kwa kifo hicho mimi ninakuwa muuguzi. Nikimaliza nitakuja na sare yangu nyeupe niwaambie wote, mwanamke huyu hapa. Miaka mitatu tu. Huwezi kunifia miaka mitatu?

Na uliniuliza kwa nini siji. Nilikudanganya kuwa ni masomo. Mtihani wa kumaliza shule niliufeli mara mbili, somo moja tu, Kiingereza, na ndani ya Kiingereza kitu kimoja tu, vitenzi. Wewe ulikuwa umeshawaambia watu wote wa kisimani mjukuu wako ameushinda ule mtihani wanaouita mlango wa chuma. Nilikuwa nikifika kituo cha basi na begi, nasikia sauti ya Mama Gopini akiniuliza matokeo, narudi. Nilipofaulu mara ya tatu nikasema bora nisubiri mpaka nipate na chuo, nije na kitu mkononi. Sasa nimekipata. Usininyang'anye.

Mjukuu wako,
Kopila


Simalpani
Saun 27, 2051

Kopila wangu,

Nakusalimu, na nakushika kidevu. Umekula? Kula kwanza, halafu soma.

Tumepanda. Goti liliingia matopeni likatoka. Ng'ombe wa Hastabir alikula miche ya watu na kesi ilisikilizwa hapa uani kwangu, mimi marehemu nikiwa hakimu.

Barua yako safari hii nilisomewa ndani, mlango umefungwa. Hastabir alipomaliza akasema, "Shemeji, mwache mtoto. Ni neno tu."

Nikamwambia, "Vizuri. Kesho ukiamka, kabla ya chai, sema kwa sauti: mke wangu alikuwa mwanamke mwema. Mkeo awe anakusikia. Kisha urudi uniambie kama ni neno tu."

Ameinamisha kichwa anaandika.

Nianze na lile la kituo cha basi. Nani alikwambia mlango wangu unafunguliwa kwa Kiingereza? Mlango wangu unafunguliwa kwa teke, umekuwa ukiupiga teke tangu una miaka minne, alama iko pale chini. Ulifeli. Haya. Babu yako alifeli kulima, alifeli biashara ya samli, akafeli hata kufuga nyuki, na kila jioni alikuta ugali wa ulezi motoni. Mama Gopini akiuliza matokeo, muulize yeye alipasi lini. Ulitembea mpaka kituoni na begi ukarudi, mara ngapi sijui wala sitaki kujua, kwa sababu nikijua nitashuka huko nije nikuchape na kukubeba.

Sasa hilo la kunifia miaka mitatu.

Nisikilize. Ukiniomba shamba, nitakuuliza tu unataka upande gani. Ukiniomba nyati, nitalia kidogo nikufungie kamba. Ukiniomba figo, Hastabir anasema siku hizi wanatoa, nitakuuliza ya kushoto au ya kulia. Kifo sikupi. Kile nitakufa mwenyewe, siku yake, kwa lugha yangu, watu wakiwa wananiangalia, ili aliyeona aseme alikufa, na aliyechelewa aseme kumbe alikufa. Sifi kwa niaba.

Unasema hakifiki Simalpani. Kimefika. Tangu jana nikikuchotea maziwa kwenye mawazo yangu, nasikia mtu akisema alikuwa akichota. Nani huyo? Ni wewe. Sauti ni yako.

Na utakuwa muuguzi wa namna gani? Mgonjwa atalala mbele yako anapumua, nawe utatazama karatasi kwanza kuona kama yupo?

Kisha kuna hili, nalo ndilo lililoninyima usingizi kuliko kifo changu. Hiyo nafasi imekatwa kwa kipimo cha mtoto mwingine. Yuko mahali fulani, mtoto ambaye akisema sina mtu, anasema kweli kwa kila kitenzi. Yuko wapi huyo, Kopila? Analala wapi wewe ukilala kwenye kitanda chake?

Nenda Patan. Ukipoteza, poteza. Tumeshapoteza vitu, tunajua inavyokuwa, mtu anaamka asubuhi na mahindi bado yanataka kupaliliwa. Na mwambie huyo mama auzime mshumaa, asiunguze nta bure.

Bibi yako,
Jasmati


Kathmandu
Bhadau 22, 2051

Bibi,

Shikamoo. Mimi mzima. Natumaini nawe.

Nimefanya ulivyotaka, na nina hasira nawe. Nayaandika yote mawili ili usije ukasoma moja ukaacha jingine.

Nilikaa na barua yako siku nyingi, nikaificha chini ya godoro, wasichana wa Palpa wakadhani ni ya mvulana. Halafu nikamwambia Mwalimu Rimal anipe kitenzi cha jambo lililoanza zamani na bado halijaisha. Hicho ndicho kilichonifelisha miaka yote, kwa sababu sisi tunasema alinilea, basi, na kila mtu kijijini anajua kama bado ananilea. Waingereza wanacho cha peke yake. Wanakitengeneza kwa neno la kumiliki. Kana kwamba ulezi uko mkononi mwa mlezi bado, hajauweka chini. Nilikirudia njia nzima mpaka kondakta akaniuliza kama ni sala.

Nikamwambia Bi Marit: "Bibi yangu yupo. Amenilea. Ana mdomo mkali. Aliyevunjika mbavu ni mwavuli."

Akafungua dirisha, akalifunga. Akaniuliza, "Unajuaje kuwa yu hai? Umemwona?"

Nikasema, "Sijamwona. Ameniandikia barua ya kunigombeza, kurasa tatu. Wafu hawagombezi hivyo."

Akacheka, Bibi. Alicheka kweli, akajipangusa macho. Nikadhani nimepona. Kisha akaacha kucheka, akasema, "Lakini nilipokwambia habari za mshumaa, ulinishukuru. Hapo ulikuwa umeshajua?"

Ningeweza kusema sikuelewa Kiingereza. Angeamini, kila mtu huamini hilo. Nikasema nilikuwa nimeshajua.

Akaniambia kosa la kitenzi angenisamehe siku ile ile, lakini lile la pili ni jambo jingine, na nafasi haikuwa yangu tangu mwanzo. Ameichukua. Hakunifukuza kabisa. Mwezi wa Mangsir kuna mtihani wa wazi wa wasichana wote, na watatu wa kwanza hawalipi. Mwaka jana walikuwa zaidi ya mia nne. Nusu ya mtihani ni Kiingereza.

Nafasi amepewa msichana wa Dolakha, anaitwa Sunkesari. Siku nzima nilimchukia bila kumjua. Kisha nikamwona, nilipokwenda kuchukua vyeti vyangu. Alikuwa amefika na sanduku la bati, amesimama langoni. Wasichana wengine walikuwa na mama, shangazi, kaka wa kubeba mzigo, wengine wanalia, wengine wanalishana machungwa. Yeye alikuwa amelikalia sanduku lake kana kwamba litaondoka. Nikamsaidia kulipandisha ngazi. Aliniuliza, "Wewe ni wa mwaka gani?" Nikasema, "Mimi bado." Akasema, "Nimeambiwa kuna mtu alikataa nafasi, ndipo wakaniita." Nikasema ndiyo, nimesikia hivyo pia.

Usinijibu kwa utani. Umeshinda, uko hai katika lugha mbili, na mimi nimerudi kwenye ubao wa Mwalimu Rimal. Dashain sitakuja. Nitabaki nisome. Mangsir iko karibu, na sitaki kurudi hapo kijijini na kitu kingine nilichokipoteza.

Kopila


Simalpani
Asoj 6, 2051

Kopila, mwanangu, moyo wangu,

Barua yako ya mwisho hukutia sahihi ya mjukuu. Nimeona, maana Hastabir alisoma jina akaikunja karatasi, nikamuuliza, "Na neno lingine?" Akasema halipo. Sawa. Liweke mfukoni, utalitoa ukilihitaji. Mimi langu halichomoki.

Mimi mzima. Mpunga unainamisha vichwa. Mvua imeacha kutuchapa, sasa inatupapasa tu. Goti linasema litafika Dashain na likifika litacheza.

Umekataza utani, basi sifanyi utani. Una hasira. Nzuri hiyo, mtu mwenye hasira hakati tamaa, anatafuta wa kumpiga. Kasirika ukija, tutakaa jikoni unikasirikie mbele ya moto, nami nitakujibu, tutaendelea mpaka wali uive. Hasira ya kwenye barua inapoa njiani, inafika kama chai ya juzi.

Ulikwenda ukasema. Ungeweza kusingizia Kiingereza, ukakataa. Hastabir alipofika hapo alisimama wima, na mguu wake ule mbovu. Sikumwambia asimame. Mimi nilikaa, lakini kisimani nimepita nimenyoosha shingo, na Mama Gopini aliponiuliza za ahera nikamwambia, "Ahera hawakunitaka, walisema mjukuu wangu ana mdomo."

Wasichana mia nne, watatu wa kwanza. Unadhani nitakwambia si kitu? Ni kitu. Unaweza kushindwa. Ukishindwa utajaribu tena, na ukishindwa tena utajaribu tena, na kama siku moja utachoka kujaribu, shamba lipo, na hakuna mtu Simalpani atakayekufungia mlango, na atakayekucheka atanicheka mimi, na wote wanajua inavyokuwa ukinicheka mimi. Ila safari hii kila kitu utakachoingia nacho humo kitakuwa chako. Hutakuwa na maiti yangu mgongoni. Mimi ni mzito, Kopila. Usingefika mbali.

Unasema huji Dashain kwa sababu ya Mangsir. Shule sikusoma, lakini najua mwezi upi unatangulia. Asoj kwanza, na Dashain ni ya Asoj. Utakuja Asoj, utakula nyama, utalala, kisha utarudi na mashavu na utawapiga hao mia nne. Vitabu lete. Hastabir amejitolea kukuuliza maswali. Kiingereza chake ni cha kuamrisha tu, lakini naambiwa nacho ni chumba.

Na sasa nisikilize vizuri, maana hili silirudii.

Huyo binti wa Dolakha. Dashain nani atampaka mchele kwenye paji la uso? Chuo kitafungwa, wote wataenda kwao, yeye atakaa na sanduku. Sikulala nikilifikiria hilo sanduku. Nilisema poteza hiyo nafasi kwa ajili ya mtoto asiye na mtu, na sasa mtoto amepata jina na mimi nimeketi hapa na mikono miwili. Mkono mmoja ni wako. Wa pili unafanya nini?

Mlete.

Mwambie nimesema anaye bibi, tena mwenye mdomo. Asiogope, simchukulii kitu wala simdai kitu. Asipokunywa maziwa ya nyati tutamfundisha. Na kama Bi Marit atauliza vipi asiye na mtu ameota bibi, mwambie nafasi ilikuwa imeshatolewa ndipo bibi akapatikana. Hastabir anasema Kiingereza kina chumba maalumu cha kuonyesha kipi kilitangulia. Basi kitumieni, kisikae bure.

Usimwambie kwamba aliyekataa nafasi ni wewe. Nitamwambia mimi, siku nitakayoona anaweza kulibeba, au sitamwambia kabisa.

Mje kabla ya siku ya kumi ya Dashain, maana sitaki kuwapaka baraka zilizopoa. Njia ya chini msiipite, mlima umeshuka ukachukua daraja. Shukeni kwenye basi pale penye duka la chumvi, mpande kwa juu, mpite uani kwa Hastabir, mbwa wake mwiteni kwa jina, ni Kapteni, atanyamaza. Pale penye mawe yanayoteleza, wewe tangulia, na huyo Sunkesari umshike mkono, maana yeye kwetu bado hapajui.

Bibi yenu,
Jasmati